Makosa Tisa kwa Kila Ukurasa

Wasomaji wa mbali huenda hawaijui Jamhuri ya Tangamano, na wa karibu wanaombwa wajifanye hawaijui. Ni nchi nzuri. Ina milima miwili, mto mmoja na wizara arobaini na moja, na kila wizara ina bango mlangoni linaloeleza kwamba mhusika ametoka kidogo.

Katika nchi hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, Redio ya Taifa ilirusha mchezo mmoja kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Ulikuwa mchezo wa nyumba ya kupanga yenye vyumba saba, ua mmoja na bomba moja lisilotoa maji. Wapangaji walikuwa watu wa kawaida kabisa: mkunga, fundi saa, mwalimu aliyefukuzwa kazi, mjane na wanawe, na wengine wa namna hiyo. Watu waliacha mboga zikiungua jikoni ili wausikilize. Halafu siku moja Waziri wa Maji akapata habari za lile bomba, akahisi anasemwa yeye, na mchezo ukakatwa katikati ya kipindi, mkunga akiwa amesimama nje ya chumba cha nne anabisha hodi. Ukapigwa muziki wa bendi ya polisi. Hakuna aliyejua nani angefungua ule mlango.

Watu wa nchi nyingine wangeandamana. Watu wa Tangamano wakaandika. Mmoja aliandika kwamba aliyefungua ni mume wa mkunga aliyedhaniwa amekufa. Mwingine akaandika kwamba chumba kilikuwa kitupu. Wa tatu akaandika kwamba aliyefungua ni Waziri wa Maji, na huyo hakuandika tena. Miaka ikapita, hadithi za mashabiki zikafika elfu tatu, na waandishi wake wakawa na ukumbi wao mtandaoni walioupa jina la Uani. Wao wenyewe walijiita wapangaji. Mtu aliandika sura, wenzake wakaisoma, wakamwambia walipocheka na walipolia, na wiki iliyofuata zamu ikawa ya mwingine. Hakukuwa na zaidi ya hapo, na kwa walio wengi ilitosha kabisa.

Katibu wa Uani alikuwa Pankrasi Lihawa, karani wa masjala katika Idara ya Ramani, mtu mpole wa miaka arobaini na sita ambaye hata simu ya ofisini aliipokea kwa kuomba radhi. Alikuwa ameingia Uani miaka tisa nyuma na hadithi mbovu sana. Ndani yake mjane alikufa ukurasa wa pili na kupika chapati ukurasa wa nne. Wapangaji walimcheka wiki nzima. Mtu mmoja tu hakumcheka, naye ni Bi Shuwea Makame, aliyekuwa msahihishaji katika Kiwanda cha Chapa cha Serikali kwa miaka thelathini na mmoja na sasa amestaafu. Alimwandikia ujumbe mrefu ambao Pankrasi aliuchapisha kwenye karatasi na kuutunza.

"Mjane wako amekufa mapema mno," aliandika Bi Shuwea, "lakini chapati zake zinanukia. Mtu anayeweza kuandika harufu atajifunza hayo mengine."

Akamfundisha miaka miwili, neno kwa neno, kwa ujumbe tu, maana hawakuwahi kuonana. Kidogo kidogo Pankrasi akawa yule ambaye sura yake ya Alhamisi husubiriwa, mpaka zamu zote zikawa kama zake.

Ikaja Alhamisi moja ya masika, saa tisa mchana, akawa hana kitu. Ingependeza kusema kwamba alikuwa mgonjwa, au kwamba alikuwa na msiba, lakini hakuwa na hili wala lile. Aliandika "Mjane akatoka nje" akafuta, akaandika tena akafuta, mara kumi na moja. Kisha akafungua ile akili mnemba ambayo watu wa Tangamano waliiita Mashine tu, akaiambia iandike sura ambamo mjane anachimba kisima uani.

Kabla chai yake haijapoa, kurasa nne zilikuwa tayari. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Zilikuwa zimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, kiasi kwamba hakuna ambaye angeamini ni zake. Basi Pankrasi akakaa nusu saa anatia makosa: hapa akaondoa herufi, pale akairudia, kwingine akasahau nukta kwa makusudi. Huo ndio ulikuwa mchango wake katika sura ile. Makosa.

Uani ukamsifu kuliko siku zote. Nyangeta, mwalimu wa sekondari aliyeutengeneza ukumbi wenyewe na kuuendesha kutoka kwenye kompyuta yake, alimwandikia faraghani.

"Kaka Pankrasi, baba yangu yuko wodini wiki ya tatu, hataki kula. Leo nimemsomea sura ya kisima. Amecheka, halafu akaomba uji. Sijui nikushukuruje."

Pankrasi aliusoma ujumbe huo amesimama, kisha akakaa. Akafikiri sana. Mwishowe akajibu, "Tumshukuru Mungu."

Baada ya siku tisa mzee akafariki. Pankrasi alikwenda msibani, akakaa mkekani na wanaume wengine, na Nyangeta akaja kumtambulisha kwa ndugu zake. "Huyu ndiye aliyemchekesha baba," alisema. Mashangazi wakampa mkono mmoja mmoja, kwa mikono miwili, na mmoja wao hakutaka kumwachia. Siku hiyo Pankrasi aliapa moyoni kwamba hatarudia. Alhamisi iliyofuata alirudia. Zikawa sura saba.

Mwaka huohuo serikali ilianzisha wizara ya arobaini na mbili, Wizara ya Ubinadamu na Mambo Yanayofanana Nayo. Waziri wake aliizindua uwanjani, mbele ya umati, kwa hotuba ya kutetea maandishi ya binadamu.

"Ndugu wananchi wa," alisoma Waziri, "weka hapa jina la nchi yako." Akageuza ukurasa. Makofi yakapigwa, kwa kuwa wengi walidhani ni falsafa. "Kazi iandikwayo kwa moyo," akaendelea, "haiwezi kulinganishwa na kazi ya mashine. Ukipenda, ninaweza kulifafanua jambo hili kwa mifano mitatu."

Wananchi wakasema wangependa. Mifano haikuwapo kwenye karatasi.

Sheria iliyofuata ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kwamba mashine haikosei na binadamu hukosea, hivyo andiko la binadamu litatambuliwa kwa kuwa na makosa yasiyopungua tisa kwa kila ukurasa. Cha pili kilisema kwamba kila jumuiya ya hadithi za mashabiki itawasilisha maandishi yote ya wanachama wake kwa ukaguzi, na katika siku thelathini itakabidhi mashine isiyopungua moja. Jumuiya itakayodai kwamba haina mashine hata moja itahesabiwa kuwa imeificha, nayo itafungwa.

Nyangeta na Pankrasi walikutana kwenye ushoroba wa wizara hiyo mpya, kila mmoja na maboksi ya hadithi zilizochapwa, chini ya tangazo lililoandikwa *Usisubiri Hapa*. Watu mia moja walikuwa wakisubiri hapo.

"Kaka, mimi sielewi," alisema Nyangeta. "Wanataka tuwape mashine. Sisi mashine tutaitoa wapi? Pale Uani kila mtu namjua kwa anavyoandika."

Pankrasi aliangalia viatu vyake. "Tusubiri majibu," alisema.

Majibu yakatoka baada ya wiki mbili. Aliitwa peke yake ofisini kwa Afisa Mpima Utu Mkuu, Dakta Kaizilege, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza na meza isiyo na kitu juu yake ila mihuri.

"Hongera, Ndugu Katibu," alisema Dakta Kaizilege. "Sura zako saba za karibuni zimepata alama za juu kuliko za mwandishi yeyote nchini. Makosa kumi na manne kwa ukurasa. Utu unachuruzika."

Pankrasi alishukuru kwa sauti ndogo.

"Lakini hapa tuna jambo zito." Dakta akatoa jalada nene. "Hadithi mia mbili na kumi na mbili. Mwandishi mmoja. Makosa, sifuri. Tumerudia kuhesabu mara tatu. Jina, Shuwea Makame."

"Labda," alisema Pankrasi, "labda ni mtu makini."

"Umakini wa kiwango hiki haujawahi kuripotiwa serikalini." Dakta alimsogezea karatasi na kalamu. "Wewe tia saini kwamba jumuiya yako imemkabidhi. Au kama una jina jingine la kutupa, sema. Sheria inataka mashine moja tu, haichagui ni ipi."

Nafasi ilikuwa hiyo. Jina jingine alikuwa nalo, lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake. Pankrasi aliishika kalamu. Aliwaza Uani ukifungwa, akajiambia anatia saini kwa ajili ya wapangaji wote, na mkono ukaandika huku kichwa kikiendelea kujieleza.

Siku ya shauri, Bi Shuwea alikuja peke yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa baibui lililofuliwa mpaka likapauka, na miwani aliyoifunga kwa uzi. Alimtambua Pankrasi kwa kitambulisho chake.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilidhani u mrefu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya kuandika?"

Pankrasi alisema nzuri.

Walimpa Bi Shuwea karatasi na saa nzima aandike mbele ya wakaguzi watatu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya mkunga anayenunua uzi wa kushonea nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa. Wakaguzi wakaukagua kwa miwani ya kukuzia. Wa katikati alipata kosa, wakapeana mikono, kisha wakafungua kamusi na kukuta kwamba kamusi iko upande wa Bi Shuwea.

"Bibi," alisema Dakta Kaizilege kwa upole, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Kosea kidogo tu tumalize. Tisa. Hata manane nitayapokea, nitakukopesha moja."

"Ninamkosea nani?" aliuliza Bi Shuwea. "Msomaji? Amenifanya nini?"

"Ni utaratibu tu."

"Miaka thelathini na mmoja nilikaa Kiwanda cha Chapa nikiondoa makosa ya serikali hii. Mengine yalikuwa ya mawaziri. Sasa mnataka niyarudishe kwa mkono wangu? Hapana, baba. Kama mnataka kunijua mimi ni mtu au si mtu, mwulizeni Katibu. Huyu ananijua. Tumeandikiana miaka tisa."

Wote wakamgeukia Pankrasi.

"Ndugu Katibu, unamfahamu huyu?"

Chumba kilikuwa na joto. Pankrasi alijua kwamba akisema ndiyo, swali litakalofuata ni mashine ya Uani ni nani basi.

"Namfahamu kwa maandishi tu," alisema.

Katika jibu hilo hapakuwa na uongo hata neno moja. Bi Shuwea alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayerudia kusoma mstari aliodhani ameusoma vibaya. Kisha akaivua miwani, akaifunga kwenye kitambaa.

Uamuzi ulisomwa palepale. Shuwea Makame alikuwa Chombo. Hadithi zake mia mbili na kumi na mbili zikafutwa Uani, na akapewa cheti cha usajili chenye maelekezo kwamba asiguse kibodi ya mtu yeyote, asikaguliwe na asiye fundi, na asiwekwe karibu na maji.

Wiki iliyofuata Pankrasi akavishwa Nishani ya Jasho, nishani ya juu kabisa kwa mwandishi aliye binadamu. Mwenye nishani hiyo hakaguliwi tena maisha yake yote. Waziri alimshika bega akamwambia taifa linajivunia makosa yake. Picha ilitoka gazetini. Kule Idara ya Ramani wakamhamishia kwenye kiti chenye mikono.

Hakukaa vizuri kwenye kiti hicho. Kila alipofungua Uani na kuona mahali palipokuwa na jina la Bi Shuwea pameandikwa *Chombo kimeondolewa*, chai ilimshinda kumeza. Alijaribu kuandika sura yake mwenyewe, kwa kichwa chake, akashindwa. Alijaribu kuiomba Mashine, akaona aibu hata mbele ya Mashine. Mwishowe akaandika barua kwa Wizara ya Ubinadamu akakiri yote: sura saba, makosa aliyoyapanda, saini, na lile jibu. Aliiandika kwa siku nne, akiichuja sentensi moja moja kama alivyofundishwa.

Jibu likaja na muhuri. *Barua uliyoituma imekaguliwa na kuonekana haina makosa hata moja. Ni wazi imeandikwa na mashine inayojifanya wewe ili kukuchafulia jina. Uwe macho.*

Akaenda mwenyewe kwa Dakta Kaizilege.

"Nimekuja kukiri," alisema. "Nipe fomu."

"Fomu ya kukiri ipo," alisema Dakta, "lakini hujazwa na mtu aliyekwisha kupatikana na hatia. Wewe huna hatia. Tukiwaruhusu wasio na hatia waanze kukiri, ofisi hii itafurika."

"Dakta, zile sura si zangu. Na yule mama ni mtu. Wewe ulimwona kwa macho yako."

Dakta Kaizilege aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Sauti yake ya kubembeleza ilikuwa imemtoka.

"Pankrasi, unadhani ile hotuba ya Waziri iliandikwa na nani? Na ile ripoti yangu ya ukaguzi, kurasa mia tatu, unadhani niliketi nikaiandika? Mimi nilikuwa naandika mashairi zamani. Sijagusa shairi miaka minane." Akaupanga muhuri mmoja juu ya mwingine. "Nenda nyumbani. Hiyo hali inapita. Watu wengi huchukua wiki mbili kuzoea. Mimi nilichukua tatu."

Pankrasi akatoka. Kilichomwogopesha njiani ni kwamba tangu siku ya shauri zilikuwa zimepita wiki mbili na siku tatu.

Alhamisi hiyo, saa kumi na moja kamili, aliweka maungamo yake Uani. Hakuyapamba. Alitaja sura saba kwa majina, akamtaja Bi Shuwea, akaandika: "Mashine ya Uani ni mimi."

Kwa dakika tano hapakuwa na kitu. Kisha maoni yakaanza kumiminika.

"Katibu, hii ni sura bora tangu uanze," aliandika mpangaji mmoja. "Ulivyomfanya karani awe msaliti, nimelia kwenye basi," akaandika mwingine. "Yule bibi atarudi sura ijayo? Usimwache hivyo, tafadhali." Na mwingine: "Jibu la 'kwa maandishi tu' limenichoma. Unayatoa wapi haya?"

Alijibu kwamba si hadithi, ni kweli. Wakampongeza kwa kutotoka katika uhusika.

Aliyepiga simu ni Nyangeta.

"Kaka Pankrasi," alisema, "hawa wengine wanadhani umetunga. Mimi najua faili za Uani. Najua unavyoandika, unafuta, unahifadhi mara ishirini. Zile saba zilipandishwa mara moja tu kila moja. Niliona. Nilijiambia labda unaandikia kwenye karatasi kwanza."

Pankrasi akaifunga kompyuta.

"Sura ya kisima," alisema Nyangeta. "Ni mojawapo?"

Alijua angeulizwa. Alikuwa amelifikiria swali hilo siku nyingi, na alikuwa na uongo mzuri ulio tayari, uongo ambao ungemfaa huyu binti na usingemdhuru mtu yeyote.

"Ni mojawapo," alisema. "Ndiyo ya kwanza."

Upande wa pili wa simu palisikika watoto wa shule wakitoka madarasani.

"Ungeniambia ile moja ilikuwa yako," alisema Nyangeta.

"Nilitaka."

"Najua ulitaka." Akavuta pumzi. "Baba alicheka pale mjane anapotoa kijiko cha chai chenye muhuri wa serikali kwenye shimo. Nilikuwa nawaza kwamba mahali fulani kuna mtu alikaa akakifikiria kile kijiko, akacheka yeye kwanza, na baba akacheka naye. Sasa sijui alicheka na nani." Kisha akaongeza, "Kwa Bi Shuwea umekwenda?"

"Bado."

"Basi hujakiri bado. Umeandika tu." Akakata simu.

Pankrasi alikwenda Jumamosi asubuhi. Bi Shuwea alikaa chumba kimoja na ukumbi nyuma ya soko la mitumba. Alimkuta barazani, ameketi kwenye kigoda, ameshika kalamu nyekundu, anasahihisha kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa maandazi.

"Wameandika 'mweshimiwa' mara nne," alisema bila kuinua kichwa. "Karibu, kaa. Kiti ni hicho."

Pankrasi hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, mikono mbele kama mwanafunzi, mpaka lile jibu la siku ya shauri. Bi Shuwea aliweka kalamu chini.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Zile sura. Makosa yako mimi nayajua, mwanangu, nimeyaondoa miaka tisa. Wewe hukosea kwa sababu akili inakimbia mbele ya mkono. Unaruka neno zima, tena neno zuri. Yale ya sura ya kisima yalikuwa ya herufi tupu, moja kila mstari wa tatu, kama shanga. Yalipandwa na mtu ambaye hakuwa anakosea."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu aya ya pili."

Pankrasi akakaa sasa. "Na pale mbele ya wakaguzi ulijua. Ungenitaja tu ungeachiwa. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe," alisema Bi Shuwea. "Nilikusubiri mle chumbani, nikakusubiri kwenye ushoroba. Pale getini nilisimama nikajifanya natafuta nauli."

Muuza mitumba mmoja alipita na furushi la mashati kichwani, akasalimu, akaitikiwa.

"Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe. Huenda nikakusamehe, sijui. Kwa sasa nina jambo jingine." Akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu. "Tangu wanifute nimeandika sura tano kwa mkono. Mkunga, yule mwalimu, na habari ya fundi saa kuoa. Nataka zisomwe. Mimi ni Chombo, siwezi kuziweka Uani. Wewe una nishani, hukaguliwi mpaka ufe. Zitatoka kwa jina lako."

Pankrasi alijivuta nyuma kitini kama aliyepewa kaa la moto. "Mama, hapana. Watanisifu mimi. Nimekuja nipate adhabu, wewe unanipa zawadi."

"Kama kweli unajuta, itakuwa adhabu. Kama hujuti, itakuwa zawadi. Wewe ndiye utakayejua ni ipi." Akamkabidhi daftari. "Usiguse hata koma. Na kila Ijumaa utakuja hapa unisomee walichosema. Chote, kama kilivyo, na jina lako ndani yake. Usiruke kitu."

Sura ya kwanza, ile ya mkunga na uzi, ilitoka Alhamisi iliyofuata. Ijumaa alasiri Pankrasi alikuja na maoni tisini na sita yaliyochapwa kwenye karatasi. Bi Shuwea alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akamwashiria aanze.

La kwanza lilikuwa la Nyangeta, na lilikuwa fupi. "Hii imeandikwa na mtu. Nimemjua."

Vidole vya Bi Shuwea vilisimama juu ya mchele. "Rudia hilo," alisema. Pankrasi akarudia. Bi Shuwea akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kuchambua.

"La pili?"

"La pili ni la mpangaji wa kaskazini." Pankrasi alikohoa. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Anasema, 'Katibu Pankrasi, sijui ulijifunzia wapi kuandika namna hii. Mikono yako ibarikiwe.'"

Bi Shuwea aliinua mikono yake miwili kutoka kwenye ungo, yenye vumbi jeupe la mchele, akaitazama upande wa juu, akaigeuza akatazama viganja.

"Amina," alisema. "Endelea."

Pankrasi akageuza karatasi. Yalikuwa yamebaki tisini na manne.